Rangi Tuliyoitia Gizani

Benchi letu linatazamana na lango la zahanati, nami ndiye mmiminaji kahawa tangu nilipoacha shule. Shangazi yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Yeye ndiye aliyeomba vyuma vya vitanda vipakwe ile rangi mpya yenye chembe ndogo mno za fedha, ambazo zikipigwa na mwanga huua bakteria. Kipimo cha kwanza kilishindwa: bakteria walikutwa hai. Siku hiyo wapimaji walikuwa wamerudi. Kingeshindwa tena, mradi huo ungehamia kwingine, na watoto wangeendelea kuambukizana. Benchini walikuwepo Brashi, fundi rangi, na Wembe, kinyozi.

— Rangi imechakachuliwa, alisema Brashi. Nimepaka nusu ya mtaa huu, sijaona rangi inayoua kitu.

— Yako imeua kuta, Wembe akamjibu.

— Cheka tu.

— Mimi nasema bakteria wameizoea. Wanaamka, wanaoga fedha, wanakwenda kazini.

— Wengine wamevaa miwani ya jua, Brashi akaongeza. Mwanga utawapata wapi?

— Binti, huyu usimwongezee kahawa.

Sikucheka. Nilikuwa nauwaza uso wa Shangazi.

Mama mmoja ambaye mtoto wake amelazwa akatoka langoni, akaomba kikombe, akakaa kuwasikiliza.

— Samahani, ndugu zangu. Kama rangi inataka mwanga, mbona vile vyuma vimevalishwa vitambaa?

Wembe akamtazama Brashi. Brashi akatazama ndani ya kikombe.

Vitambaa tulivishona mimi na Shangazi, rangi isichunike. Kwetu kitu kipya hufunikwa. Hata rimoti ina nailoni yake. Niliacha birika nikakimbilia wodini.

— Shangazi, vitambaa vinazuia mwanga.

Akashika kichwa.

— Mwanangu, tumeitia gizani wenyewe.

Tulivivua vyote, tukafungua mapazia, tukawasha taa. Wapimaji wakakubali kurudi baadaye kuchukua sampuli upya.

Siku ya majibu Shangazi alivuka barabara na sare yake, akitembea kama bibi harusi.

— Bakteria wamekufa karibu wote. Rangi inabaki, na wodi ya wazazi inafuata.

Brashi akasimama kumpisha.

— Keti, Sista. Mimi nilijua tangu mwanzo.

— Ulijua nini?

— Kwamba rangi ni rangi.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikampalia. Birika lilikuwa limebakiza kikombe kimoja, na Brashi akaninyooshea chake. Nikampita, nikavuka barabara, nikampelekea yule mama wodini.