Shujaa wa Ukuta wa Chekechea

Benchi letu la Chang'ombe linatazamana na ukuta wa chekechea ya Sukaina, kinjia tu kinatenganisha. Mimi nauza kahawa na kashata hapo tangu mwanangu Eliaichi hajaanza shule, kwa hiyo upuuzi wa kila aina nimeshausikia. Jumamosi ile ubishi ulikuwa juu ya ukuta wenyewe. Wilbert, fundi wa mabango, alikuwa amechora shujaa wa vitabu vya katuni, mwenye joho la kijani na taiti ya njano, mikono mbele. Alimtoa kwenye kitabu cha zamani alichoazimwa na Bosi Hatim, mwenye duka la rangi. Sukaina alishasema kwamba asipoupenda mchoro utapakwa chokaa, na litatundikwa bango la kuprinti. Mabango hayo yalikuwa yameshamnyang'anya Wilbert kazi karibu zote, na ukuta huu ndio uliobaki. Shida ilikuwa moja tu. Shujaa alitakiwa awe anapaa, lakini kila aliyemwona alisema anaanguka.

Benson, tunayemwita Chesisi kwa sababu ananyoosha bodi za magari, ndiye aliyeanza.

— Huyo anadondoka, braza. Kama fundi dishi kateleza juu ya bati.

— Kwenye kitabu yukoje? akauliza Audax. Yeye tunamwita Wakili. Alikuwa karani wa mahakama, hajawahi kuwa wakili hata siku moja.

Wilbert akatoa kipande cha karatasi, boksi moja la picha, dogo kama kiberiti, limechorwa miraba kwa penseli. Kikapita mkono hadi mkono.

— Ebwana, hapa anapaa kweli! Chesisi akasema. Mbona hapa anapaa?

— Ndiyo mnisaidie sasa, Wilbert akasema. Mie nimepiga miraba, nimehamisha mmoja mmoja. Sijaongeza kitu.

WAKILI: Kosa ni ngumi. Ona, kubwa kuliko kichwa. Mchoraji alipitiwa.

HATIM: Hakupitiwa, Wakili. Ngumi iko karibu na wewe kuliko kichwa. Nilipokuwa mtoto nilikuwaga nainamisha uso isinipige.

WAKILI: Basi ukutani iongezwe.

WILBERT: Iongezwe iende wapi? Imeshagusa bomba la maji.

CHESISI: Ngumi si ishu. Ishu ni chupi.

MIMI: Benson!

CHESISI: Mama Eli, hii ni sayansi. Kwa nini anavaa chupi juu ya suruali? Ule ni mkanda, unazuia uzito usirudi nyuma. Wilbert kaichora imelegea, ndiyo maana jamaa anashuka.

WAKILI: Uongo. Injini ni joho. Majaji wote wana majoho, umeona jaji gani kaanguka?

CHESISI: Umeona jaji gani kapaa?

Wakili akaomba kikombe kingine.

Bosi Hatim hakucheka. Alikuwa amekishika kile kipande kwa kucha, mbali na kahawa.

— Tazameni hii mistari mgongoni, alisema. Hapa nene, halafu inakonda mpaka inapotea. Hiyo ndiyo spidi. Na hamna neno hata moja. Kaka zangu walikuwa wanasoma maneno, mie nilikuwaga nakaa na picha hii tu.

Nikafuta mikono, nikakiangalia na mimi. Kwa karibu ni vidoti tu, kama upele wa joto. Ukikisogeza mbali kidogo, unakuta umefumba macho kana kwamba upepo wake unakupiga. Ningekaa nacho zaidi, lakini birika lilikuwa linachemka.

WAKILI: Nimepata! Kule alikochorwa ardhi haivuti sana. Huku Temeke inavuta, ndiyo maana hata viwanja tunagombania.

CHESISI: Wakili, kanywe maji.

Hapo Sukaina akatokea, anakunja mwavuli.

— Shikamoo, Bosi Hatim.

— Marahaba, mwanangu.

Akasimama katikati ya kinjia, akaangalia ukuta wake.

— Anakwenda wapi?

— Anapaa, dada, Wilbert akajibu haraka.

— Nimeona. Anakwenda wapi? Watoto wataniuliza hilo kabla ya jina lake.

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Boksi linalofuata linaonyesha, Bosi Hatim akasema. Wilbert, liko wapi?

Wilbert akatazama kopo lake la tapentaini. Mafundi wa mabango wanafanya hivyo wote: picha wanayoitaka wanaikata, inayobaki wanafutia brashi. Mdomoni mwa kopo kulikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, kijani na njano.

— Umefutia brashi kitabu changu?

— Ukurasa mmoja tu, bosi.

— Ukurasa wenyewe!

— Nisamehe, nitakutafutia kingine. Ila kumbuka basi. Alikuwa anaenda wapi?

Bosi Hatim akafumba macho.

— Sikumbuki. Nakumbuka macho yake tu. Yalikuwa yananifanya nitake kuona anachokiona.

Sukaina alikuwa ameshatoa simu, anatafuta namba ya watu wa mabango ya kuprinti.

— Dada, nipe muda wa kikombe kimoja cha kahawa, Wilbert akasema.

— Kimoja.

Nikamimina. Ilikuwa ya mwisho, nusu yake mashapo, na Sukaina akainywa bila kuketi.

Wilbert hakugusa ngumi, wala joho, wala ile chupi. Alihamisha ngazi hadi pembe ya juu ya ukuta, akachora nyaya za umeme, na tiara la karatasi limenasa, kama lile lililoning'inia juu ya benchi letu tangu Ramadhani. Akarudi kwa shujaa, akamsogeza mboni za macho zielekee kwenye tiara.

— Eh! Chesisi akasema. Kapaa.

— Si nilisema? akasema Wakili.

Sukaina akarudisha simu kwenye mkoba.

— Mkia wa tiara urefushe, alisema.

Jumatatu watoto walipofika, hakuna aliyeangalia ngumi. Shingo zote ziligeukia ile pembe, halafu zikapanda mpaka kwenye nyaya za kweli. Kabinti kamoja kakaja kusimama mbele ya benchi.

— Mbona hajafika?

Nikawatazama wenye benchi. Bosi Hatim alikuwa anaangalia ukuta. Wakili alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.