Maisha ya Kaveke Munguti, Aliyetanguliza Pole

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Kitengela na wa hapa Kimuka, na ninyi mliotoka mbali mkafika na vumbi kwenye viatu, karibuni. Mimi ni Nthenya, Kaveke alikuwa dada yangu mkubwa, familia imeniomba niwasomee maisha yake, na nikikwama mahali nivumilieni kidogo, nitaendelea.

Kaveke alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Mwala, Machakos, akiwa kifungua mimba wa Munguti Nzau na Nzisa Munguti. Mwaka wa 1994 baba alipata kazi ya kuchonga mawe katika machimbo ya Kitengela, familia ikahamia huko, wakati ambapo ukisimama mlangoni ungeona pundamilia wakila nyasi pamoja na mbuzi wa watu, na mama anasema Kaveke alikuwa akipewa uji anauacha unapoa kwa kuwaangalia.

Alianza shule ya msingi hapo Kitengela mwaka wa 1995. Akiwa darasa la sita alianza kuchoka na kuvimba miguu, daktari akasema ni moyo, kwamba ugonjwa wa koo aliougua akiwa mdogo ulikuwa umeharibu valvu, akakatazwa kukimbia, kubeba maji na kutembea mwendo mrefu. Darasa lilipopelekwa kupanda vilima vya Ngong, rafiki yake Muthoki alirudisha nafasi yake ya safari, akabaki naye shuleni wakisuka kamba, na Muthoki, kwa kuwa uko nasi hapa, mama anasema hajawahi kukusahau. Kaveke alimaliza darasa la nane mwaka wa 2002, kidato cha nne mwaka wa 2006, na mwaka wa 2009 akapata diploma ya takwimu katika chuo kimoja jijini Nairobi.

Kuanzia mwaka wa 2010 alikuwa karani katika soko la mifugo, ambako alijifunza Kimaasai kwa kuchekwa, na mwezi wa Februari 2014 akaajiriwa na shirika la kulinda wanyamapori, katika ofisi yao ya mjini Kajiado. Wengi mmetuuliza alifanya kazi gani hasa, kwa sababu mwenyewe hakuwa anasema. Wachungaji wa mifugo na maskauti wa vijijini wanaolinda wanyama walikuwa wanampigia simu kutoka nyanjani, huyu ameona mtego wa waya, huyu ameona gari geni likizunguka, mwingine ameona nyayo za simba karibu na boma, naye anaiweka kila habari kwenye kompyuta na kwenye ramani, mpaka ramani ianze kuonyesha mahali ubaya unapoelekea, ndio askari wa wanyamapori wafike kabla ya mnyama kuuawa.

Lakini yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda huko nyanjani, kwa sababu ya moyo, na hilo ndilo lililomsumbua maisha yake yote. Alitamani kutembea katika ule uwanda kwa miguu yake. Mtu akipiga simu na kumsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," yeye anaitika "Iko," anaandika habari, halafu kabla hajakata anauliza nyasi ziko aje huko, na mlima unaonekana leo ama umefunikwa. Mwenzake wa ofisini, Bwana Meitamei, alikuwa anamtania, "Wewe Mkamba, kila siku nyasi, nyasi, kwani uko na ng'ombe wangapi?" Naye anamjibu, "Niko na wako, si utatupea mahari ukija kuoa kwetu Ukambani?" Bwana Meitamei ametueleza juzi kwamba maswali hayo yalikuja kuwa msaada, maana ng'ombe hufuata nyasi na simba hufuata ng'ombe, lakini sisi wa nyumbani tunajua kwamba alikuwa anauliza kwa sababu alitamani kuona.

Mwaka wa 2019, upande wa Rombo, hapa hapa Kajiado, simba walikuwa wanaua ng'ombe na wenye ng'ombe wanatia sumu kwenye mzoga, simba wanakufa, na tai, na fisi, na hata mbwa wa nyumbani. Ofisi ilikuwa inahesabu mahali ng'ombe wengi walipouawa, lakini sumu ilikuwa haifuati hesabu hiyo, wengine walipoteza wengi na hawakutia sumu, mwingine alipoteza mmoja tu akatia. Kaveke alimpigia simu mama mmoja aliyekuwa amepoteza ng'ombe mmoja, na huyo mama akamjibu kwa hasira, "Simba akikufa mnakuja na magari, mnapiga picha, mnalia. Ng'ombe wangu nani alimlilia?" Kaveke akamwambia, "Pole sana, mama. Alikuwa wa rangi gani?" Yule mama akaongea mpaka chai ya Kaveke ikapoa, akamwambia na jinsi ng'ombe huyo alivyokuwa mjeuri wakati wa kukamuliwa, na mwishoni akasema ile sumu aliyokuwa ameweka tayari ataimwaga.

Baada ya hapo Kaveke aliwapigia tena wote waliopoteza ng'ombe, akiwauliza jambo ambalo halikuwa kwenye kompyuta, kwamba baada ya ng'ombe kufa, nani alikuja. Akakuta kwamba karibu kila mahali palipotiwa sumu ni pale ambapo mwenye ng'ombe alikaa peke yake na hakuna mtu aliyefika kumpa pole. Tangu hapo ofisi ikawa na utaratibu, habari ya ng'ombe kuuawa ikiingia, ni lazima mtu afike katika boma hilo kabla jua halijatua, auone mzoga, aketi, anywe chai, na sumu ikapungua sana.

Tarehe 12 Desemba 2015, Kaveke alifunga ndoa kanisani Kitengela na Wahome, mwana wa Mzee Ngugi wa hapa Kimuka, fundi wa mageti. Alimwambia habari ya moyo wake mapema, kabla wazazi hawajakutana, naye Wahome akasema, "Basi tutaenda mos mos, polepole tu." Alichomelea kiti cha chuma akakiweka kando ya njia, nusu ya mwendo kutoka steji ya matatu hadi nyumbani kwao, ili mke wake apumzike, na mtaa mzima unakikalia. Walijaliwa mtoto mmoja, Mumbi, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2017, na sasa yuko gredi ya tatu.

Mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2025 alikuwa amepanga hatimaye kwenda Rombo na Mumbi, kwa gari la ofisi, amwone yule mama aliyepoteza ng'ombe, begi likawa tayari mlangoni, lakini daktari akakataa. Tarehe 2 Septemba alilazwa akingojea upasuaji wa valvu. Nilikuwa naenda kumwona na mtoto wangu mgongoni, na Kaveke ananiambia, nieleze njia yote ulivyokuja, usiruke kitu. Alituacha Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, asubuhi, Wahome akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, na yule nesi aliyesogeza kitanda chake kando ya dirisha bila kuombwa, majirani mliotulisha wiki nzima, na wenzake wa ofisini. Wale mliokuwa mnampigia simu hatutawataja, kwa usalama wenu, na tunajua wengine mmeketi hapa katikati yetu. Ile namba haijafungwa, ataipokea Bwana Meitamei, tunawaomba msinyamaze. Shule zikifungwa Desemba, Wahome atampeleka Mumbi mpaka Rombo, na huko mtoto atashuka garini atembee.

Kaveke, dada yangu, kama huko uliko kuna uwanda, tembea, tembea mpaka mwisho wake, moyo hautakuuma tena, na ukichoka, keti upumzike kwa amani.