Rimoti Iko Kwenye Mshipi wa Gomesi

Ukitoka Tororo na gari lako lisiharibike njiani, utaingia Busia na kukuta foleni ya malori iliyolala kama chatu aliyeshiba. Usikasirike. Shuka, nyoosha miguu, tafuta moshi wa mkaa upande wa kushoto. Hapo pana ubao wa trela la zamani uliokalishwa juu ya rimu nne za lori, na mbele yake kuna Emma na birika lake la kahawa ya tangawizi. Mahali hapo panaitwa Kijiwe cha Rimu. Mambo ya Uganda na Kenya huamuliwa pale kila asubuhi, ingawa serikali zenyewe huwa hazipewi taarifa. Wenye viti vya kudumu ni wanne. Yuko Othieno wa Kisoko, aitwaye Katiba, ambaye aliwahi kuwa shahidi mahakamani kwa siku tatu na akatoka huko anajua sheria zote. Yuko Ekaju, aitwaye Profesa, aliyelinda lango la chuo kule Busitema miaka kumi na mmoja. Elimu yote ilipita mbele yake ikionyesha kitambulisho. Yuko Odhiambo, dalali wa mizigo, anayevuka kutoka upande wa Kenya kila siku kuja kunywa, na anaitwa Dakika Mbili kwa sababu hizo ndizo anazoomba kila akichelewa saa mbili. Wa nne ni Egesa, fundi wa redio na dishi, aitwaye Waya. Alhamisi hiyo Egesa hakukaa. Alisimama, kikombe mkononi, kahawa imepoa, macho yakitazama bati la nyumba yake lililoonekana ng'ambo ya mtaro.

— Imefika ngapi? aliuliza.

Profesa, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka huko, aliketi polepole kama mtu anayeleta ripoti ya tume.

— Mimi nimeiacha kwa mia saba na themanini.

— Na ulizima?

— Sikuzima.

— Profesa! Nilikutuma kitu kimoja tu!

— Baba Marvin, ningezima na nini? Rimoti, mama mkwe wako ameichomeka kwenye mshipi wa gomesi, lile gauni lake la heshima. Hapa, kwa tumbo. Wewe unataka mimi niingize mkono pale?

Kijiwe kizima kilikubaliana kwamba mkono hauwezi kuingizwa pale.

Emma, ambaye alikuwa akichochea mkaa na kusikia vipande tu, aliomba aelezwe kutoka mwanzo. Egesa alishusha pumzi na kueleza, kwa mara ya nne asubuhi hiyo.

Alikuwa amefunga mtambo nyumbani. Ni sanduku dogo lenye diski, linakaa kando ya ruta. Simu zote za nyumbani, yake, ya mkewe Loy, na za watoto, zikishika waifai tu, kila picha iliyopigwa inakimbilia kwenye sanduku yenyewe bila kusukumwa. Kutoka kwenye sanduku inakwenda kwenye tivii ya sebuleni. Moja baada ya nyingine, sekunde kumi kwa kila picha. Mtu anakaa tu, familia nzima inampitia mbele ya uso.

— Kitu kizuri sana, alisema Emma.

— Kizuri. Leo mama yake Loy amekuja kutoka Sop Sop. Tunajengea kaburi la mzee wake, marehemu, na jiwe linataka picha. Mama aichague yeye mwenyewe. Picha za mzee zote, zile za karatasi, nilizipiga upya kwa simu mwaka jana, zikaingia kwenye sanduku. Loy akamwekea foda ya mwaka jana, akamkabidhi rimoti, akaenda Tororo kwa mchonga mawe. Simu yake imeisha chaji.

— Na shida iko wapi?

Aliyejibu ni Katiba, kwa sauti ya kusoma mashtaka.

— Shida ni tako.

Emma aliacha kuchochea.

Mwaka jana, Agosti, Egesa alipata jipu. Lilikuwa mahali ambapo mtu akipata jipu hawezi kukaa, na daktari alikuwa Tororo. Angefikaje huko, kwa kusimama juu ya boda? Daktari akasema, nitumieni picha. Basi mchana mmoja, nyuma ya stoo ya mkaa ya Emma mwenyewe, Egesa alilazwa kifudifudi juu ya magunia, Katiba akashika kaptula, Profesa akazuia njia, Dakika Mbili akapiga picha. Dawa ilipatikana, jipu likapona. Na wiki iliyofuata, alipoweza kukaa tena, Egesa alikaa siku nzima akipiga picha za mzee.

— Sasa mtambo haupangi kwa siku mzee alipopigwa picha, alisema Egesa. Unapanga kwa siku nilipomwingiza. Kwa hiyo mzee, na suti yake ya mwaka sabini na nne, amekaa baada ya jipu. Picha ya kwanza ya mzee ni namba elfu moja na thelathini. Mama hawezi kumfikia mzee bila kupita kwangu.

— Ulifuta?

— Ningefuta lini? Inafutwa pale kwenye tivii tu. Nilikumbuka leo, nikiwa natoka kwa mlango wa jikoni na yeye anaingia kwa mlango wa mbele. Unajua mambo ya mkwe. Miaka kumi na tano hajaniona nikila. Hajaniona bila viatu! Nikimwona njiani naingia kwenye mihogo ya watu. Leo aonyeshwe…

Alitazama tena lile bati.

— Hapo mnyama atachinjwa wa kusafisha aibu, alisema Katiba. Na si kuku.

— Mnyama si neno. Yule mama hatakanyaga tena kwangu. Loy atalia mpaka lini? Na mzee kaburini aliniamini.

Dakika Mbili alipiga hesabu kwenye kiganja.

— Sekunde kumi, picha sita kwa dakika. Saa sita kasoro dakika kumi hivi, buda, unaanikwa. Tuna kama dakika arobaini.

— Kata umeme, alisema Emma.

— Nimefunga sola. Betri iko chini ya tivii, mbele ya miguu yake. Nilijisifu mwenyewe: umeme ukikatika, picha hazikatiki.

— Mpigie mama simu.

— Nimwambie nini? Shikamoo mama, picha ijayo ufunge macho?

Profesa aliinua kidole. Alipoinua kidole, hata Emma alijua kwamba birika litaisha.

— Sikilizeni. Hii kitu waifai inatembea kwa hewa. Mimi nimeona pale chuoni. Wanafunzi walikuwa wanakaa karibu na dirisha, kwa nini? Hewa. Tukifunga madirisha yote ya Waya kwa nje, kimya kimya, ile picha itakosa pumzi katikati ya ruta na tivii.

— Ruta na tivii ziko meza moja, Profesa.

— Basi itakosa pumzi haraka.

— Wacheni mambo ya hewa, alisema Katiba. Hii ni mambo ya mipaka. Sanduku liko Uganda, picha imepigwa Uganda, tako ni la Uganda. Hakuna wa kuizuia. Lakini tukilivusha lile sanduku mpaka Kenya, hiyo picha ikitaka kurudi kwenye tivii lazima ipite pale langoni, ionyeshe karatasi. Mnajua foleni ya hapa. Itafika kwa mama mwezi ujao.

— Na sanduku tutalitoaje ndani?

— Mimi natoa sheria, sitoi vitu.

Saa ya simu ya Egesa ilisema saa tano na dakika ishirini na tano. Alijaribu tena namba ya Loy. Sauti ya yule dada wa mtandao ilimwambia, kwa adabu, ajaribu baadaye.

— Msijali, mimi niko na plan, alisema Dakika Mbili. Tunaita maboda ishirini. Wanazunguka nyumba wakipiga honi. Mama anatoka nje kuona nani amekufa, Waya anaingia kwa jikoni, anabonyeza, anatoka. Dakika mbili.

— Yule mama alimlea Loy na kaka zake saba, alisema Egesa. Hatoki kwa honi.

— Tumwambie kuna sukari ya bei ya chini sokoni.

Hapo Egesa alisita kidogo. Kisha akatikisa kichwa.

— Ana sukari yake.

Profesa hakuwa amemaliza. Alikuwa akifikiri, na kufikiri kwake kulionekana kwenye mishipa ya shingo.

— Basi tuache ipite.

— Nini?

— Iache ipite, na tubadilishe maana yake. Sekunde kumi ni kidogo. Mama hana miwani. Mimi narudi pale, nakaa karibu naye, nazungumza taratibu. Picha ikitokea, mimi nasema: Mama, tazama, huu ni mwamba wetu wa Tororo, jua likiwa linachomoza.

Wote walikuwa wakiupima mwamba wa Tororo kichwani.

— Na lile jipu? aliuliza Emma.

— Mnara wa simu, pale juu.

Egesa aligundua, kwa masikitiko, kwamba hilo ndilo wazo bora zaidi lililotolewa tangu asubuhi. Katiba ndiye aliyeliua.

— Mwamba wa Tororo uko mmoja. Hapa ipo miwili.

— Tutasema ni picha ya pande zote mbili.

— Mama ametoka Sop Sop, Profesa! Ameuona ule mwamba kila siku ya maisha yake!

Walibishana kama mwamba una mfereji katikati au hauna. Dakika Mbili alisema unao, alipita hapo na lori la vitunguu. Katiba akamtaka aape. Wakati huo ilikuwa saa tano na dakika arobaini na mbili. Egesa aliwaza juu ya yule mama, aliyefunga safari alfajiri na nguo yake ya kanisani ili amtazame mumewe tena. Akaona kwamba njia iliyobaki ni moja: aende mwenyewe, asimame nje ya dirisha, ampe mgongo, na apige kelele aseme ukweli wote. Aliweka kikombe chini.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye begi la mistari na kikombe chake mwenyewe. Alisema anaitwa Norah, lori lenye mzigo wake limekwama kwenye foleni, na anaomba kahawa isiyo na sukari. Emma alimmiminia na, kwa kuwa mtu hawezi kunywa kahawa pale bila kuingizwa kesi, akamsimulia yote kwa sentensi nne. Norah alipuliza kahawa. Hakucheka. Akauliza:

— Sasa hiyo picha mlipiga na simu ya nani?

Egesa alimgeukia.

— Yangu.

— Una uhakika?

— Nili… Nilikuwa nimelala kifudifudi, mama. Nilimpa huyu simu yangu kabla ya kulala.

Wote walimtazama Dakika Mbili. Dakika Mbili alikunywa funda moja.

— Simu yako kamera ilikuwa na ukungu, alisema. Nilipiga na yangu. Nikamtumia daktari na yangu.

Foleni ya malori ilisogea hatua moja, ikasimama.

— Odhiambo, alisema Egesa polepole, tangu saa tatu umekaa hapa. Umepanga maboda ishirini.

— Si hakuna mtu aliniuliza.

Egesa aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu asubuhi, na aliketi kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kitu kilichotengenezwa. Profesa alimpiga bega, Katiba akatangaza kwamba mshtakiwa yuko huru, Emma akaongeza kahawa kwenye vikombe vyote bila kuombwa.

Ni Norah tu ambaye hakuwa amemaliza.

— Na simu yako wewe, alimwambia Dakika Mbili, picha zake zinakwenda wapi?

Dakika Mbili alitoa simu mfukoni, akaitazama.

Mwezi uliopita, akiwa amevutiwa sana, alikuwa amemwomba Waya amfungie mtambo kama ule ule nyumbani kwake, upande wa Kenya. Sanduku lile lile, tivii kubwa zaidi. Simu yake ilikuwa imemwaga humo kila kitu ilichokuwa nacho, tangu mwaka juzi.

— Leo ni siku gani? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Alhamisi.

— Chama cha mama watoto wangu kinakutana kwangu kila Alhamisi. Wamama ishirini na wawili. Anapenda kuwawekea picha wakingoja chai.

— Kwa hiyo wataona, alisema Katiba, kutoka kwenye simu ya Odhiambo, tako.

— Si langu!

— Hapo ndipo kesi yako inapokuwa ngumu. Ukisema ni lako, aibu. Ukisema si lako, utaulizwa lilikuwa linafanya nini kwenye simu yako.

Dakika Mbili alisimama. Hakuomba dakika yoyote. Mtu ambaye hawajawahi kumwona akitembea haraka aliruka mtaro, akapita kati ya malori mawili na kukata kuelekea langoni, shati likipepea nyuma yake. Walimwona akimwonyesha askari kitu, kisha akionyesha mbele, kisha akishika kichwa.

— Amesahau kitambulisho, alisema Profesa, ambaye kuhusu malango alikuwa na ujuzi wa kweli.

Simu ya Egesa iliita. Alikuwa Loy, amepata chaji kwa mchonga mawe, na mama yake alikuwa amempigia dakika hiyo hiyo. Aliongea kwa kasi, na Egesa alisikiliza huku ameshika sikio la pili.

— Ameipata? Ipi? Ile ya baiskeli? Eh. Eh… Mwache alie. Mwambie akae nayo tu, aisimamishe hapo hapo, asiharakishwe na mtu.

Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono. Kijiwe kilitazama pembeni kwa heshima. Kisha Loy akaendelea, na uso wa Egesa ukabadilika taratibu.

— Anasema nini kingine? … Aha. … Nitamjibu baadaye, Mama Marvin.

Akakata.

— Ni nini tena? aliuliza Profesa.

— Mama ametoa shukrani. Anasema ameangalia picha elfu moja, amemwona Loy, amewaona wajukuu, ng'ombe, mpaka fundi wa choo amemwona. Anauliza kitu kimoja tu.

— Kipi?

— Anasema mkwe wake anapiga picha za watu wote. Yeye mwenyewe, mwaka mzima, hana hata picha yake moja?

Norah alitazama ndani ya kikombe chake. Katiba alitazama viatu. Profesa aliinua kidole, akakifikiria, akakishusha. Kisha wote, mmoja mmoja, waligeuza macho kuelekea upande wa Kenya, ambako njiani Dakika Mbili alikuwa bado anabembeleza lango.

Emma aliinua birika na kuligeuza juu chini. Halikutoa kitu.