Moshi wa Zizi la Mayunga

Sikilizeni, wanangu, Nelly na wewe Obed, mimi baba yenu Stanislaus bado nina ulimi, basi msinishike mkono kana kwamba nimeshakufa.

Miaka ishirini na sita nimefuatilia vumbi na moshi vinavyopanda mawinguni. Nilifika hadi kwenye barafu ya ncha ya dunia, nikaona masizi kidogo tu yakiitia weusi, ikanywa jua, ikayeyuka. Nikaandika kwamba mawingu yakinyunyiziwa chumvi ya bahari hung'aa zaidi, na yanaweza kuikinga na jua. Wakubwa wa ofisi yangu wakacheka. Nikawaambia chekeni, mimi napima, na hilo sitalijutia hata kaburini.

Ninalojutia liko hapa kijijini Mofu. Mwaka tisini na nne nilitega pampu yangu pale mtoni, ivute hewa kwenye karatasi nyeupe, na kila asubuhi niliikuta nyeusi tii. Nikamwona Mayunga, Msukuma wa watu, akifukiza samadi kufukuza mbu kwenye ng'ombe wake, nikaandika kwenye ripoti: moshi wa zizi lile ndio unaoharibu mawingu yetu. Kijiji kikaishika ripoti, kikamhamisha. Siku anaondoka na mifugo yake alinipa shikamoo, nami nikaitikia bila haya.

Karatasi ikabaki nyeusi vilevile. Nyani haoni kundule! Upepo ulikuwa ukishusha moshi kutoka kwenye tanuri langu mwenyewe la matofali, haya haya yaliyojenga nyumba mnayonililia humu. Nimepima upepo wa ncha ya dunia, wa uani kwangu sikuupima.

Marekebisho ya ripoti ile nimeyaandika, yako chini ya godoro. Ofisi inasihi niyaache, ati jina langu litachafuka na mradi utafungwa. Ufungwe! Obed, usitazame chini kwa kuogopa majirani zetu wa Kibaoni watasema nini; kayasome kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, usiruke hata neno. Shamba la Mofu lenye malisho ni la Mayunga kuanzia leo. Nyumba ni yenu.

Maji, Nelly... Basi, yatosha.

Moto wa matanga yangu asiuwashe mtu wa ukoo. Mwiteni Mayunga, aje na samadi yake, mkae kwenye moshi ule mpaka kuche, na asikohoe mtu... Mungu awape macho ya kuangalia... nyuma ya nyumba zenu kwanza. Tegeni karatasi nyeupe pale motoni. Asubuhi ikiwa nyeusi, andikeni... andikeni, moshi wa Stanislaus.