Historia ya Timothy Musyoka Mbuvi, Aliyejichoma Kidole Kwanza

Mchungaji, wazee, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ndugu zetu Waislamu mliokuja kusimama nasi katika jua hili, poleni na asanteni. Mimi ni Mwende Mbuvi, dada mkubwa wa marehemu, mwalimu kutoka Nguni, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii ingawa wanajua vizuri kwamba sina ulimi laini, kwa hivyo mtanivumilia.

Timothy Musyoka Mbuvi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 kijijini Nguni, Mwingi, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Mbuvi na Mama Kasiva, akasoma shule ya msingi pale pale Nguni hadi mwaka wa 1973, kisha sekondari mjini Mwingi hadi 1977, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kupasua vyura na kutuchosha kwa maswali. Mwaka wa 1978 aliingia chuo cha mafunzo ya afya Nairobi, akahitimu 1981 kama fundi wa maabara, na tarehe 1 Machi 1982 akatumwa hapa Garissa, nasi nyumbani tukalia kana kwamba amefungwa jela, kumbe mwenyewe alikuwa amefika, maana alipewa uhamisho mara mbili na mara zote mbili akaukataa.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Wanjugu, mwalimu, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Mbuvi, aliyezaliwa 1989, na Njoki, aliyezaliwa 1993, ambaye tangu juzi ananiuliza kama baba ameenda safari ya Habaswein.

Kazi yake ilikuwa kuchukua damu, makohozi na choo cha wagonjwa, kuandika kila chupa jina la mtu, la baba na la babu yake ili Billow asipewe majibu ya Billow mwingine, na kuzifikisha maabara kwenye sanduku la barafu kabla hazijaharibika, na kuanzia 1991 alizunguka Kotile, Habaswein hadi Eldas kuwafuata wafugaji ambao hawangeweza kuacha mifugo. Watu walikataa kutolewa damu, na sishangai, mgeni anashuka kwenye gari la serikali na sindano mkononi, nawe umpe damu yako kwa nini? Ilikuwa Habaswein mwaka wa 1992 ambapo Mama Maka, muuza maziwa, alimwambia mbele za watu atoe yake kwanza waone kama ataanguka, watu wakacheka, naye akajichoma kidole, akapaka tone kwenye kioo cha kupimia, akalionyesha, Maka akanyoosha kidole chake, na foleni ikafuata. Tangu siku hiyo hakumchoma mtu kijijini bila kujichoma mwenyewe, na watu wakampa jina la Dhiigle, yaani mtu wa damu, jina alilolipenda kuliko hilo la Timothy tulilombatiza.

Januari mwaka huu alianza kushikwa na homa, akameza klorokwini ya malaria, ikapoa, ikarudi, akakonda, suruali zikamlegea huku tumbo likivimba upande wa kushoto. Wanjugu alimsihi akapimwe, akajibu kwamba damu yake inatolewa karibu kila wiki, kungekuwa na kitu angejua. Wanjugu akaamini, nami nilipopiga simu nikaamini, maana mtu wa maabara akikuambia habari za damu yake utambishia vipi? Ole wetu.

Tarehe 27 Mei alianguka mlangoni mwa maabara, na hapo ndipo Saynab, mwenzake wa kazi, alipotuambia jambo ambalo hadi leo linanikosesha usingizi, kwamba damu ile ya kidole chake mwenyewe haikuwahi kusomwa hata siku moja, kwamba watu wakishakubali Musyoka alikiweka kando kioo chake, akakiosha, kikatumika kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu vioo na dawa za kutia damu rangi ili isomeke vilikuwa haba. Saynab alimwomba mara nyingi wakisome, akacheka tu. Musyoka, jamani, ungempa huyo dada kioo kimoja!

Nairobi walimtoa uboho wa mfupa wakakuta kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi wa vichuguu vya huko huko alikozunguka. Daktari alituambia vimelea vyake huenda visingeonekana kwenye tone la kidole, lakini upungufu wa damu ungeonekana tangu Februari, na mtu angeuliza, na dawa ipo. Walimwanzishia dawa, mwili ukawa umeshachoka, akafariki tarehe 19 Juni 1999, akiwa na miaka arobaini.

Aliomba azikwe hapa. Jana tulipita na jeneza mbele ya lango la kwetu Nguni bila kulishusha, na sitaficha kwamba nilikasirika, lakini alisema tukimzika nyumbani watu wa huku watasema damu ilimwisha kwa kujichoma, tukaenda kumficha. Maneno hayo tumeyakuta yameshafika sokoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nairobi, wafanyakazi wa maabara, jirani yetu Zeinab aliyelea watoto na kupikia waombolezaji, na waumini wa kanisa hili na wa msikiti waliochimba kaburi pamoja.

Mama Maka, umetoka Habaswein, nimekuona umekaa pale nyuma na mjukuu wako Idman. Nimeambiwa ana homa tangu mwezi uliopita, na tumbo lake naliona hata kutoka hapa, na nimeambiwa pia kwamba tangu usikie msiba huu umekataa asiguswe na sindano. Mama, ndugu yangu hakuuawa na damu aliyotoa, ameuawa na damu ambayo hakuna aliyeisoma. Saynab yuko pale langoni na sanduku lake. Tukimaliza kumwaga udongo nitakuja nikushike mkono twende, nami nitachomwa kidole kwanza, kisha Idman, na vioo vyote viwili vitasomwa.

Dhiigle, kazi yako tumeipokea. Pumzika kwa amani.