Hellen Kija Mihayo na Vyura wa Mto Nyasalu

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, ndugu, jamaa na marafiki, familia ya Ngosha imemteua Pius, mdogo wa mume wa marehemu, awasomee maisha ya shemeji yake, na inaomba mvumilie hadi mwisho, kwa kuwa yapo maneno humu ambayo mgane wake, Nestory, aliyasoma jana, akairudisha karatasi bila kuyafuta.

Marehemu Hellen Kija Mihayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji jirani na Bujora, mtoto wa nne wa mfugaji mzee Mihayo, na tangu utotoni alishika kwa mkono vitu ambavyo wenzake walivikimbia, kinyonga, jongoo, chura, hata bibi yake akawa anamkagua mifuko kabla hajaingia ndani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, akapata cheti cha ufundi maabara mwaka 1994, na tarehe 1 Februari 1995 akaajiriwa katika shule ya sekondari iliyo hapo juu ya mto Nyasalu, ambako wanafunzi walimwita Mama Maabara.

Tarehe 28 Septemba 1996 alifunga ndoa na Nestory Ngosha, wakajaliwa watoto wawili, Gladness mwaka 1998 na Elias mwaka 2002, na alipoingia katika familia alimkuta Pius bado kijana wa shule, akamwita mume wangu mdogo, kama utani wa shemeji ulivyo, akamtuma dukani kila alipopumzika na kumcheka alivyopika ugali mbichi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kila mwezi wa Oktoba, kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, ambapo alishuka mtoni na ndoo kutafuta vyura arobaini, na ikumbukwe kwamba mtihani hutaka chura aliyekamilika, kwani mwanafunzi akichora mguu pungufu hupoteza alama. Mwaka 2014 Pius alifungua karakana ya kusindika ngozi za ng'ombe upande wa juu wa mto huo, yenye mashimo ya chokaa na dawa, na maji ya kusuuzia yakawa yanateremka mtoni. Kuanzia mwaka 2016 marehemu alianza kukamata vyura wenye vidonda, wengine wa miguu mitatu, wengine wasio na jicho, naye kwa kuwahurumia wanafunzi wake aliwarudisha vyura hao majini, akatafuta wengine, na kwenye daftari la shule akaandika vyura arobaini, wazima. Mwaka 2019 ilimbidi akamate mia moja na thelathini ili apate hao arobaini, akaisimulia habari hiyo mezani kama kichekesho, watu wakacheka, Pius naye akacheka sana.

Februari 2020 alikuta viluwiluwi wamekufa kando ya mto, wametanda kutoka kwenye jiwe la kufulia hadi karibu na kisima chetu, ambacho wote mnajua kiko hatua thelathini tu kutoka ukingoni, akakaa chini palepale akalia, maana alielewa ni kitu gani alichokuwa akikitupa miaka yote minne. Jioni hiyo alimweleza mumewe kwamba chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi, kilichomo majini kinamwingia chote, kwa hiyo yeye anatangulia kuugua na sisi tunafuata.

Tarehe 7 Machi 2020, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama akaomba kisima kifungwe na karakana iache kumwaga maji mtoni. Pius naye akasimama, akaomba madaftari ya maabara yaletwe, akayasoma kwa sauti mwaka kwa mwaka, arobaini, wazima, arobaini, wazima, mpaka watu wakaanza kuitikia kama wimbo. Marehemu alijaribu kueleza, lakini mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo Mama Maabara, miaka yote hiyo ulikuwa unaandika uongo?" naye akaanza kuyakusanya madaftari. Pius alilijua jibu la swali hilo, alilisikia mezani na kulicheka, lakini alikaa chini akanyamaza, na kisima kikabaki wazi kwa miaka minne.

Baada ya siku hiyo marehemu hakuacha kumpikia shemeji yake wala kumsalimia, ila hakumwita tena mume wangu mdogo, alimwita Pius, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Yeye na mwalimu wa biolojia, Okwach, waliendelea kushuka mtoni, safari hii wakiandika kila chura aliyeingia kwenye ndoo, na watu waliowakuta huko walipita wakiwacheka.

Novemba 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda Mwanza mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na madaktari hawakusema kuwa ni maji, hivyo familia haitasema ambalo daktari hakulisema. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, akiwa hoi kitandani hospitalini, alimtuma Pius, hakumtuma mwingine, akamkamatie vyura arobaini, awaandike kadiri wanavyokuja. Pius alikunja suruali akaingia mtoni, na wa tatu tu alikuwa na mguu uliokauka, na mkono wake ulikuwa tayari unamrudisha majini alipojishtukia. Kesho yake alipeleka karatasi wodini, marehemu akaisoma polepole, akauliza, "Hukuchagua?" Akajibiwa, "Sikuchagua, shemeji." Akasema, "Basi kawasomee watu, kama ulivyowasomea yale mengine." Alifariki dunia Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, Gladness akiwa amemshika mkono.

Karatasi hiyo inasema hivi, na inasomwa mbele ya watu walewale waliokuwa kwenye mkutano: vyura arobaini, wazima ishirini na watatu, wenye vidonda tisa, wenye miguu pungufu sita, wasio na jicho wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala msibani siku zote hizi, walimu na wanafunzi waliomchimbia kaburi, na kwa namna ya pekee Mwalimu Okwach, ambaye hakumwacha peke yake mtoni. Inawashukuru pia akina mama wa jikoni, ambao tangu asubuhi wamenung'unika, na wana haki, kwa kupangishwa foleni ya maji kwenye bomba la shule wakati kisima kiko jirani.

Akina mama, kisima nimekifunga jana mimi Pius, kwa mikono yangu, na kazi ya karakana nimeisimamisha. Siku ile ya mkutano nilijua, nikanyamaza. Shemeji, leo nimewasoma vyura wote, pumzika.