Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Benchi ni langu, maana limeegemea ukuta wa chumba changu na kahawa naipika mimi, ila wanaolikalia wanajiona ndio wenye mtaa. Kuna Mzee Kisu, mwenye bucha, mtu wa kitambi na sauti. Kuna Redio, anayetengeneza redio, pasi na chochote chenye waya, na ukienda kuchukua chako utakuta skrubu zimebaki mkononi mwake. Kuna Wakili, ambaye hajawahi kumtetea hata paka. Alikuwa tarishi mahakamani akastaafu na miwani. Asubuhi hiyo walikuwa wanabishana kuhusu mvua, mara mpiga picha wa studio ya ng'ambo ya barabara, tunayemwita Picha, akavuka mbio, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Akaiweka katikati ya vikombe vyangu bila hata salamu.

— Imegoma. Nikiwasha inakuja hii tu.

Kioo chote kilikuwa chekundu, kina fuvu na maneno. Wakili akavaa miwani, akakohoa kimahakama.

— Inasema imefungwa. Utume pesa, utapewa funguo. Ukichelewa, bei inapanda.

— Huyo anaongea kama mwenye nyumba, nikasema.

— Bibi, usinichekeshe. Picha za harusi zimo humu.

Mzee Kisu akageuka na benchi likalia.

— Harusi ipi?

— Ya binti yako, Mzee.

— Binti yangu anasafiri leo na mumewe! Anapita hapa kuzichukua! Si zipo kwenye kamera?

— Kadi niliifuta. Jana nilikuwa na mahafali ya chekechea, nikakosa nafasi.

— Umemfuta mwanangu ukaweka watoto wenye makamasi?

— Sikumfuta, nilimhamishia humu.

— Humu kwenye fuvu!

Redio akaigusa mashine kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka aogopwe.

— Hii ina joto. Virusi vinapenda joto. Vinaingia na umeme, vinapita kwenye chaja, vinataga.

— Vinataga nini? nikauliza.

— Mayai, Bibi. Madogo sana.

— Acha mayai wewe, akasema Wakili. Hapo ndani kuna watu. Hako katundu hapo juu ni jicho. Sasa hivi mtu yuko ofisini kwake nje ya nchi, kavaa tai, anatutazama.

Mzee Kisu akavuta kitambaa changu cha kufutia vikombe akafunika jicho.

— Na harusi wameshaiona?

— Yote! Wameona nyama mliyopakua. Wameona ukumbi. Wamekaa kikao wakasema, huyu mwenye bucha anazo, mbaneni.

— Kumbe ndiyo maana mizani yangu inasumbua tangu jana!

— Mizani yako inasumbua tangu ulipoinunua, nikamwambia. Hebu nyamazeni. Picha, kabla haijagoma ulikuwa unafanya nini?

Picha akatazama viatu vyake.

— Nilipakua programu. Ya bure. Ile halali inauzwa ghali, hii nimeitoa kwenye tovuti fulani tu.

— Programu ya nini?

— Ya kupunguza vitambi kwenye picha.

Hakuna aliyemtazama Mzee Kisu. Tulitazama barabara, sote, kwa bidii.

— Nilimwambia kidogo tu! akafoka. Siku ile nilisimama vibaya.

— Siku ile tu? akasema Redio.

Nikaona hapa tutafika jioni. Nina mjukuu wangu wa kike anatengeneza kompyuta hospitalini. Nikampigia, nikaweka sauti ya wote.

— Shikamoo Bibi.

— Marahaba. Nina wajinga hapa na mashine yenye fuvu.

Picha akamweleza. Mjukuu wangu haongei sana, hakunirithi mimi.

— Msitume pesa, mnaweza kulipa na msipewe kitu. Zimeni, msiguse. Virusi vya aina hiyo mara nyingi vinakaa pale kompyuta inapoanzia kuwaka. Ni kufuli mlangoni, vyombo vya ndani vinaweza kuwa salama. Vipo vingine vinafunga na picha zenyewe, sijui mpaka nione. Mchana nakuja, natoa diski, naichomeka kwenye mashine yangu nahamisha kilichomo, halafu ndiyo natengeneza hiyo sehemu ya kuwakia. Na asije mtu akapiga windows upya, yaani kuweka mfumo mwingine. Mmenisikia?

— Tumekusikia, tukasema wote, kama darasani.

Simu ikakatwa. Redio akaingiza mkono mfukoni akatoa flashi.

— Windows ninayo hapa.

— Ameshasema usipige! nikamwambia.

— Bibi, huyo ni wa hospitali. Kule wamezoea kumwambia kila mtu asubiri.

— Mchana binti yangu yuko safarini, akasema Mzee Kisu. Piga!

— Mzee, akaanza Picha, lakini picha...

— Wewe ndiye umeleta ugonjwa, usimfundishe daktari. Piga, Redio!

— Kisheria, akasema Wakili, mwenye harusi ana haki.

— Mzee Kisu, nikasema, mtu wa kompyuta kasema subiri. Wewe ni mtu wa nyama.

— Mama, tuongezee kahawa, akajibu.

Nikainuka, maana birika lilikuwa limebaki na machicha na mimi si askari wao. Niko ndani napuliza moto, nasikia kupitia dirishani.

— Inauliza nifute kila kitu? Redio anasema.

— Kila kitu! Usiache hata yai!

Niliporudi na birika walikuwa wanapiga makofi. Fuvu hakuna. Kioo kimegeuka buluu, kinang'aa kama sahani mpya. Redio amesimama juu ya benchi langu na viatu vyake. Wakili anasema angekuwa na akili ile angekuwa jaji. Mzee Kisu akatangaza kahawa ya wote juu yake, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Picha peke yake alikuwa ameinama, anabonyeza, anafungua, anafunga, anafungua tena. Masikio yamemwiva.

Ndipo binti akatokea, begi la safari mkononi. Mumewe alibaki kwenye gari, mlango wazi, injini inanguruma.

— Shikamoo Bibi. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Njoo uone! akasema baba yake. Walitufunga hawa, tukawatoa! Tazama inavyowaka.

Binti akaitazama, akatabasamu.

— Hongereni. Picha zangu ziko wapi?

Wakili akavua miwani akaanza kuifuta. Redio akashuka kwenye benchi taratibu. Picha akaisogeza laptopu nyuma ya birika.

— Baba? Ziko wapi?

Mzee Kisu akanigeukia mimi, na kikombe kakishika kwa mikono miwili.

— Usinitazame mimi, nikamwambia. Aliyekuuliza yuko upande huo.